Ripoti ya bwawa inasema eneo ni "tulivu kimatetemeko" na ukuta wa Bonde la Ufa uko hapo hapo. Nitajuaje kama wamepima kweli?

BintiWaBonde

Habari zenu wadau. Naishi Kasarani lakini ushago ni kule chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, jina la mto siweki hapa kwa sababu hiyo stori bado ni moto na sitaki babangu aitwe kwa chifu kuulizwa binti yake anaandika nini huko mtandaoni.

Ni hivi. Kuna bwawa linapangwa, tuta la udongo na mawe, kimo mita sitini na kitu, na shamba letu liko chini yake kama kilomita sita ukifuata mto. Wiki jana kulikuwa na kikao cha wananchi, sisi wa Nairobi tukapanda matatu usiku tukafika asubuhi na vumbi usoni, nikaomba ile ripoti ya mazingira nikawekewa kwa flashi, kurasa zaidi ya mia tano. Nimeisoma yote, kwa matatu, saa ya lanchi, mpaka bosi akaniuliza kama nimepata kazi ingine. Kurasa za ndege na samaki ni nyingi, za fidia ziko, lakini tetemeko la ardhi limepewa ukurasa mmoja na nusu. Mmoja na nusu! Inasema eneo la mradi ni tulivu kimatetemeko, hakuna tetemeko la zaidi ya 5 lililorekodiwa ndani ya kilomita 50 tangu 1973, halafu kuna ramani ya nchi nzima imepakwa rangi, sisi tuko kwa njano, halafu basi, wanaingia kwa vumbi na kelele za malori.

Na mimi nikitoka nje kwa babangu asubuhi naona ule mlima umesimama wima kama umekatwa na panga. Huo si ufa ni nini? Tena 2007 mwezi wa saba nilikuwa kwa jengo moja hapa tao, ghorofa ya nane, nikaona maji kwa jagi yanacheza yenyewe, watu wakashuka ngazi mbio wengine wameacha viatu chini ya meza, na kumbe kitu chenyewe kilikuwa huko Natron, Tanzania. Sasa ufa ulio nyuma ya boma unaambiwa ni mtulivu.

Swali: hatari ya ufa karibu na bwawa inapimwaje, kazi yenyewe inakaaje, ndio nijue kama hawa wamefanya ama wamekopi tu mahali? Sipingi bwawa, maji tunayataka. Nina siku tisa za kupeleka maoni kwa maandishi. Mimi ni mhasibu, nielezeni kama mtu wa kuhesabu.

KangaMwitu

Siku tisa zinatosha kununua mtumbwi.

Natania dadangu. Ngoja wenye kujua waamke.

Mjiwe_SouthC

Nimeamka. Kazi yangu ni mawe, nimetembea na nyundo huko bondeni zaidi ya miaka kumi, kwa hivyo nitaandika refu mnivumilie.

Kwanza hiyo 1973. Kuna orodha moja ya matetemeko ya Wamarekani, ni ya bure mtandaoni, na kwa miaka mingi ilikuwa inaanzia 1973. Konsaltanti mvivu anaifungua, anachora duara la kilomita 50, anahesabu nukta, anafunga laptopu anaenda kula nyama. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Ila ukianzia 1973 umeruka tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la Subukia, ukubwa 6.9, na hakuna lingine kubwa kama hilo ndani ya Kenya tangu mashine zianze kupima. Ardhi ilipasuka mpaka juu kufuata ufa wa Laikipia-Marmanet, urefu karibu kilomita 38. Hiyo si nukta kwa ramani. Ni kama utoke tao na mpasuko ukufuate mpaka ukaribie Thika.

Pili, wewe ni mhasibu, kwa hivyo hii utaielewa kuliko wanafunzi wangu. Daftari letu la matetemeko lina miaka mia na ushee, na kurasa nzuri ni za juzi tu. Ufa wa bondeni unaweza kulala miaka elfu kadhaa ndio uamke mara moja. Mtu akiangalia miaka hamsini akasema hapa ni tulivu, ni kama amekagua duka la mtu kwa risiti za asubuhi moja. Bonde linapanuka milimita chache kwa mwaka, huwezi kuona, lakini milimita mbili mara miaka elfu moja ni mita mbili, na hizo mita lazima zitokee mahali. Zingine zinatoka kwa volkeno, zingine kwa kuteleza kimya kimya, zimegawanywa kwa nyufa nyingi, na zingine zinatoka siku moja kwa kishindo.

Kwa hivyo mtu anayepima kweli haanzi na orodha ya matetemeko, anaanza na ufa wenyewe. Anachukua picha za ndege na setilaiti, na siku hizi kuna laida, ile miale inapigwa kutoka kwa ndege halafu kompyuta inaondoa miti yote unabaki na ardhi tupu. Anatafuta nini? Si ule ukuta mkubwa wa babako. Ule unasimulia kazi ya mamilioni ya miaka, peke yake hauniambii kama ufa bado uko hai. Mimi natafuta kingazi kidogo cha mita moja au mbili chini yake, kilichokata udongo mpya ulioletwa na mto juzi (juzi yetu sisi watu wa mawe ni miaka elfu tano). Ukiona chemchemi zimejipanga mstari mmoja, ama kijito kimekatwa upande mmoja uko juu, ama kuna ngazi ya udongo kwa malisho ambayo hakuna mtu alichimba, hapo unasimama unatoa daftari.

Halafu unachimba mtaro. Hii ndio ningetafuta kwa ripoti yako kabla ya kitu kingine chochote. Mtaro wa kina cha mita tatu nne hivi, unakata ufa kwa upande, unaingia ndani na brashi na misumari unachora ukuta wa mtaro safu kwa safu. Safu za udongo zimelaliana kama chapati kwa hotpoti, na ufa unaonekana mahali chapati zimekatika. Kama chapati za chini zimekatika na za juu ni nzima, tetemeko lilitokea kati ya hizo mbili. Unachukua vipande vya makaa unapeleka vikapimwe kaboni 14, ama ukibahatika unapata safu ya majivu ya volkeno ambayo umri wake unapimika, na bonde letu limebarikiwa majivu. Hapo ndio unapata tarehe za matetemeko ambayo hakuna mzungu wala babu aliyaandika. Huko Subukia wanasayansi walishachimba mitaro kwa huo ufa wa 1928 wakakuta hiyo haikuwa mara yake ya kwanza.

Ripoti yako iko na mtaro hata mmoja?

BintiWaBonde

Nimetafuta "mtaro" nikapata mitaro ya maji ya mvua kwa barabara ya kwenda saiti. Basi.

MjukuuWaSubukia

Wacha niongee kidogo kuhusu 1928 kwa sababu watu wanadhani ni hadithi. Nyanya yangu alikuwa msichana mdogo. Alituambia ilikuwa usiku, na kitu alichokuwa anakumbuka zaidi si kutikisika, ni ng'ombe. Anasema ng'ombe walilia pamoja halafu wakanyamaza pamoja, na hicho kimya ndicho kilimtisha. Kulipokucha wakapata shamba lina ngazi. Mahali walikuwa wanatembea sawa sasa unapanda.

Tukiwa watoto tulikuwa tunateleza na mifuko ya mbolea mahali kama hapo, hatujui tunachezea nini. Babangu alipanda miti hapo akasema ardhi imekataa trakta. Sasa hebu niambieni konsaltanti akipita hapo na gari atajuaje? Lazima aulize watu. Dada kwa hiyo ripoti kuna mahali wameandika waliuliza wazee?

BintiWaBonde

Waliuliza wazee kuhusu makaburi na mti wa matambiko. Kuhusu ardhi kutikisika hapana.

MajiKwanza

Mimi nitasema kile watu hawataki kusikia. Hapa Pipeline maji yanakuja siku mbili kwa wiki tena usiku, mke wangu anaamka saa nane kujaza mitungi, na kila bwawa likipangwa nchi hii kuna mtu Nairobi ana ushago ana ripoti ana maswali. Bila Ndakaini huu mji ungekuwa umekauka zamani. Bwawa gani Kenya limewahi kuanguka kwa tetemeko? Masinga liko tangu 1981, Kamburu 1974, Kindaruma 1968. Turkwel ni mita 153, tena kwa ukingo wa hilo hilo bonde lenu la kutisha, na limesimama. Tukisubiri watu wachimbe mitaro na brashi za kupakia rangi watoto wetu watazeeka na mitungi.

MjukuuWaSubukia

Mzee, Solai ulisikia? Bwawa lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, likaua watu 48. Hiyo ni huku kwetu Nakuru.

MajiKwanza

Solai ilikuwa mvua, si tetemeko. Ndio maana nasema mnachanganya watu.

Tuta_na_Kichujio

MajiKwanza ana pointi na nitamtetea kabla sijamgeuka. Nimefanya kazi kwa mabwawa matatu ya udongo, na ukweli ni kwamba mabwawa mengi ya udongo duniani yanauawa na maji kupita juu ya tuta ama maji kupenya ndani yake yakibeba udongo polepole. Tetemeko ni sehemu ndogo. Kwa hivyo dada ukimaliza mambo ya ufa rudi usome spilwei, ile njia ya kutoa maji yaliyozidi, mafuriko ya miaka mingapi wamehesabu, kwa sababu pengine hapo ndio kifo kiko. Hata Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024 watu walisema bwawa limepasuka, kumbe ilikuwa kalvati chini ya reli imeziba, tuta la reli likageuka bwawa bila leseni.

Sasa namgeuka. Hayo mabwawa ya Tana umetaja yamekaa kwa miamba ya kale sana mbali na bonde, kulinganisha na saiti iliyo chini ya ufa ni kulinganisha kiazi na jiwe. Turkwel sawa, lakini bwawa kusimama miaka thelathini na kitu si ushahidi, ni ile ile hesabu ya risiti za asubuhi.

Dada, tetemeko linaweza kufanyia bwawa mambo mawili tofauti kabisa na ripoti mbaya zinayachanganya. La kwanza ni kutikisa. La pili ni kukata, yaani ufa unapita chini ya ukuta wenyewe na upande mmoja unashuka.

Kutikisa tunakuweza kiasi, mainjinia wamejifunza kwa uchungu. California tarehe 9 Februari 1971, bwawa la Lower San Fernando, tuta lilijengwa zamani kwa kumwaga udongo na maji ukajipanga wenyewe. Likatikiswa, udongo uliolowa ndani ukageuka uji, upande wa majini ukateleza wote na kichwa cha tuta pamoja. Kikabaki kama mita moja na nusu tu ya udongo uliovunjika juu ya maji. Watu 80,000 wakahamishwa mpaka maji yapunguzwe. Na bahati yao siku hiyo maji hayakuwa yamejaa. Kwa hivyo uliza: udongo wa msingi wenu ni nini, kuna mchanga uliolegea chini ya mto, wamepiga majaribio ngapi ya kuona kama utageuka uji? Tuta zuri la kisasa lililoshindiliwa na rola, lenye kichujio kipana cha mchanga nyuma ya kiini cha mfinyanzi, linavumilia mtikiso mkubwa sana. Likipata mwanya ndani, kichujio kinakamata udongo usitoroke. Ndio maana naitwa hivi hapa, mke wangu anasema hata usingizini naongea kichujio.

Kukata ni kitu kingine. Taiwan, tarehe 21 Septemba 1999, bwawa la Shih-Kang, la zege. Ufa ulipita chini yake ukainua upande mmoja kuliko mwingine kwa mita kadhaa, zaidi ya kimo cha nyumba yako, milango ya mwisho ikasagwa. Hakuna zege inakuweza hiyo. Kuna watu wamejaribu kuishi nayo, New Zealand kuna bwawa la Clyde limewekewa kiungio maalum ndani ya ukuta ili sehemu moja iweze kuteleza kando ya nyingine, lakini hiyo walifanya wakijua ufa uko wapi. Baldwin Hills, Los Angeles, tarehe 14 Desemba 1963, hata tetemeko halikuwa, ardhi ilisogea polepole tu kwa mstari wa ufa chini ya hifadhi ya maji, ikachana sakafu yake, maji yakapata njia, mchana ukuta ukaenda. Watu 5 walikufa, na wangekufa wengi kama mlinzi hangesikia maji yanalia mahali hayafai kulia.

Halafu hiyo ramani ya njano. Chini yake imeandikwa miaka mingapi?

BintiWaBonde

"Uwezekano wa asilimia 10 ndani ya miaka 50."

Tuta_na_Kichujio

Nilijua. Hiyo ni miaka 475, yaani mtikiso unaotarajiwa kwa wastani mara moja kila miaka 475, ni ramani ya majengo ya kawaida, ya flati yako ya Kasarani. Bwawa kubwa lenye watu chini yake kamisheni ya kimataifa ya mabwawa makubwa, ICOLD, inataka likaguliwe kwa mtikiso wa miaka 10,000 ama mtikiso mkubwa kabisa ambao ufa wa karibu unaweza kutoa. Linaruhusiwa kuharibika, linaruhusiwa kupasuka pasuka na kushuka kidogo, lakini lisiachie maji. Halafu kuna mtikiso mdogo wa miaka 145, huo bwawa linatakiwa liupokee na liendelee na kazi.

Chukua kalkuleta mhasibu. Bwawa la miaka mia moja, kwa ramani ya 475 uwezekano wa kupata mtikiso unaozidi huo ni karibu asilimia 19. Kwa 10,000 ni karibu asilimia 1. Wewe ungeweka pesa za chama wapi?

Mjiwe_SouthC

Naongezea hapo kwa "mtikiso mkubwa kabisa ambao ufa unaweza kutoa", maana hiyo ndio kazi yangu. Huhitaji kungoja ufa utikisike ndio ujue nguvu yake, unaupima urefu. Kuna fomula ya 1994 ya Wells na Coppersmith, walikusanya matetemeko ya dunia nzima wakalinganisha urefu wa mpasuko na ukubwa wa tetemeko. 5.08 jumlisha 1.16 mara logi ya kilomita. Fungua Excel uweke 38 uone.

BintiWaBonde

Imetoa 6.91. Manze. Hiyo ni Subukia yenyewe.

Mjiwe_SouthC

Ndio hiyo. Ufa wenu ni kilomita ngapi kwa ramani?

BintiWaBonde

Kwa kiambatisho cha mwisho kuna ramani ya jiolojia, nimepima na rula na kile kipimo cha pembeni, kama 22. Halafu unakatika, halafu kuna mwingine unaendelea mbele kidogo, kama 20 hivi. Nimeweka 22 nikapata 6.6.

Mjiwe_SouthC

Na kama hizo mbili ni ufa mmoja ambao tumeshindwa kuuona katikati, weka 42.

BintiWaBonde

7.0 kasoro kidogo.

Na ripoti inasema 5.

Mjiwe_SouthC

Ripoti inasema 5 ndio imerekodiwa, si 5 ndio inawezekana. Hapo ndipo ujanja uko, na ukiandika maoni yako nukuu hilo neno. Pia usiandike kwamba 7 itatokea, utachekwa. Andika kwamba hawajaonyesha kwa nini haiwezi kutokea.

KangaMwitu

Mimi nimesoma hii stori yote nikiwa kwa foleni ya Thika Road na sasa naogopa ardhi. Swali la mjinga: ati maji ya bwawa yenyewe yanaweza kuleta tetemeko? Msee mmoja aliniambia nikadhani ni mambo ya wanaamini dunia ni bapa.

Tuta_na_Kichujio

Si swali la mjinga. Inatokea. Koyna huko India, bwawa la mita 103, eneo lilikuwa linahesabiwa ni tulivu (hilo neno tena!), wakajaza maji miaka ya sitini mwanzoni, vitetemeko vikaanza, na tarehe 10 Desemba 1967 likaja la 6.3. Watu karibu 180 walikufa vijijini. Ukuta ulikuwa umepigiwa hesabu ya mtikiso wa asilimia 5 ya nguvu ya uvutano, mashine iliyokuwa ndani ya bwawa ikarekodi karibu mara kumi ya hiyo. Zege ikapata nyufa pale ukuta unapobadilisha mteremko, lakini halikuanguka. Bwawa la Kariba pia, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, walianza kujaza 1958, lilipokaribia kujaa 1963 matetemeko yakaongezeka mpaka likapatikana la zaidi ya 6.

Sababu ni mbili. Maji ni mazito, na maji yanasukumwa kuingia ndani ya nyufa za mwamba kilomita chini huko, yanatenganisha pande mbili zilizokuwa zimekamatana, kama sabuni kati ya mikono. Kwa bonde letu kuna kitu kibaya zaidi: nyufa zetu ni za kushuka, upande mmoja unateremka kwa uzito wake wakati ardhi inavutwa, kwa hivyo ukiweka ziwa juu yake unaongeza uzito ule ule unaousukuma. Lakini tusitishe watu bure, wasiwasi mkubwa ni mabwawa marefu, ya mita mia na kupita, na bwawa haliumbi nguvu mpya kutoka hewani, linaharakisha iliyokuwa imejikusanya. La mita sitini nisingelikataa kwa hilo. Ningetaka tu mashine za kupima matetemeko madogo ziwekwe saiti mapema, miaka miwili hivi kabla ya maji kuingia, ili tujue kelele za kawaida za mahali ni zipi. Ukiweka baada ya maji hutajua ni nani alianza. Mashine moja ya Kilima Mbogo huku karibu na Thika haiwezi kusikia minong'ono ya bonde lote.

MajiKwanza

Sawa nimeelewa kidogo. Na hiyo mitaro na mashine inachukua muda gani? Maana mimi bado nina mitungi.

Mjiwe_SouthC

Mtaro unachimbwa na ekskaveta siku moja mbili, kuchora wiki chache, kaboni miezi michache. Wakati huo huo wanaendelea na mengine, hakuna anayesimama. Gharama yake ukilinganisha na tuta la mita sitini ni pesa ya soda. Kinachochukua muda ni ukigundua kitu katikati ya ujenzi, mikataba imesainiwa, malori yako kwa saiti, na sasa ufa umejitokeza kwa msingi mbele ya kila mtu. Hapo ndio mitungi ya mkeo itazeeka.

BintiWaBonde

Nimeandika rasimu jana usiku, kurasa mbili. Nimeuliza mitaro iko wapi, kwa nini orodha inaanza 1973, kwa nini ramani ya 475, ufa wa 22 na wa 20 unaungana ama hauungani na nani aliangalia, udongo wa chini ya mto umepimwa kama utageuka uji, mashine zitawekwa lini, na nani atatupigia simu sisi wa chini usiku wa manane kama kuna kitu. Hilo la mwisho hamkuniambia, nimeongeza mwenyewe. Babangu ameongeza lake pia, anasema waandike waliuliza wazee gani kwa sababu yeye ni mzee na hakuulizwa.

Kitu kimoja cha mwisho kabla sijaenda kupiga chapa. Kwa ile ramani ya kiambatisho mstari wa ufa ni mweusi mzima, halafu ukishuka karibu na mto unakuwa nukta nukta, halafu baada ya mto unarudi kuwa mzima. Hizo nukta ni nini?

Mjiwe_SouthC

Nukta ni mahali aliyechora hakuuona ufa kwa macho, ameukisia, kwa sababu umefunikwa na mchanga wa mto.

Na alama ya bwawa iko wapi kwa hiyo ramani?

BintiWaBonde

Kwa nukta.

Mjiwe_SouthC

Hiyo iandike kwanza, juu kabisa. Halafu niambie kikao kinachofuata ni lini, nitakuja na nyundo.